Jibu Nililobonyeza Baba Akiwa Chini na Polisi

Admin, naomba ufiche kila kitu kitakachonitambulisha. Haya sijamwambia mtu yeyote, hata mama aliyeko Iringa, na kila siku naongea naye kwa simu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado nasoma. Naishi na baba hapa China, mji wa Guangzhou, mtaa wa Xiaobei. Si muongeaji, shuleni wananiita Maktaba. Baba ni fundi wa kompyuta kwenye kampuni ya Kichina inayosafirisha mizigo. Wafanyabiashara wetu wakileta marobota, kila robota linaandikwa namba tu kwa wino mweusi. Jina la mwenyewe linabaki kwenye kompyuta kuu, lidude kubwa kama kabati la nguo, ambalo bosi alilinunua likiwa limeshatumika. Diski zake hazikubali jina lenye zaidi ya herufi sita, kwa hiyo baba akazipa majina ya nyumbani. ARUSHA ndiyo ilikuwa na orodha ya mizigo yote. SONGEA ilikuwa tupu.

Jumamosi moja alinichukua akienda kuweka programu mpya. Wiki nzima nilikuwa nimekisoma kitabu chake cha maelekezo, maana mimi nasoma chochote chenye kurasa. Programu ile inawekwa kwa maswali. Skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani inauliza, unajibu, unabonyeza kitufe, linakuja swali lingine. Mahali pa jibu huwa pameandikwa kitu tayari, na usipokibadilisha inakichukua hicho hicho.

Mara mbili ilikwama katikati. Kila tulipoanza, kwenye swali la diski baba alifuta ARUSHA, jibu lililokuja tayari, akaandika SONGEA. Mara ya pili mashine ikauliza, "Diski hii ina vitu. Nifute?" Yalikuwa mabaki ya jaribio la kwanza, akajibu ndiyo.

"Unaona, mwanangu, hii mashine ni kama bibi yako," akasema. "Inauliza kitu kimoja mpaka unachoka, na ukishachoka ndipo inakukamata."

Tulicheka sana.

Alipoanza mara ya tatu simu ikalia. Polisi walikuwa mlangoni mwa jengo wakikagua pasipoti. Miezi hii msako wa viza ni kila mahali. Bosi alikuwa chini tayari, akamtaka baba ashuke awatafsirie wateja. Baba akachukua pasipoti yake. "Usiguse kitu mpaka nirudi."

Niligusa. Nilitaka akirudi akute kazi imeisha, aseme binti yangu ana akili. Nilijibu maswali moja baada ya jingine. Kwenye swali la diski nikabonyeza tu. Ilipouliza kama ifute, nikajibu ndiyo, kama alivyojibu yeye. Mimi ninayesoma mpaka maandishi ya nyuma ya pakiti ya tambi, mstari ule mmoja sikuusoma. Ulikuwa umeandikwa ARUSHA.

Baba alirudi akihema, akakuta mashine inasema kazi imekamilika.

"Imeendelea yenyewe?"

"Ndiyo, baba. Ulipotoka ilikuwa inaendelea."

Hajawahi kunikuta na uongo, akaamini. Kisha akafungua orodha ya mizigo, hakuna kitu. Akatoka mbio kumwita bosi. Hapo ndipo nilipofanya jambo baya kuliko lile la kwanza. Kuna printa inayoandika kila jibu pamoja na saa yake. Nilichana ile karatasi nikaificha ndani ya kitabu cha jiografia.

Nakala ya akiba ilikuwa ya siku kumi nyuma. Mizigo ya siku hizo kumi imebaki na namba bila wenyewe. Jumatatu mama mmoja wa Mwanza, anayenunua mikoba kwenye soko la Shiling, alisimama mbele ya baba na machozi: "Fundi, nilikuamini kwa kuwa wewe ni wa nyumbani. Haya, nionyeshe yangu ni yapi!" Kijana wa Kikenya, ambaye kila mzee humwita buda, akadakia kwa nyuma akiikejeli ile kompyuta kubwa, "Buda, si uulize hiyo friji yako!" Watu wakaangua kicheko. Baba alikuwa anatazama sakafu.

Bosi yeye alisema neno moja, meiyou, yaani hakuna. Hakuna barua ya kazi. Bila barua hiyo viza haiongezwi, na yetu inaisha Ijumaa hii.

Kinachoniua si hicho. Juzi baba aliniambia, "Ni mimi, mwanangu. Kwa haraka ya ile simu sikumbuki hata niliishia swali gani. Kichwani niliandika Songea, kumbe mkono uliandika kingine. Macho yamekwisha." Amenunua miwani ya barabarani. Anakaa dirishani anajipima kwa vibao vya maduka ya ng'ambo ya barabara. "Pale wameandika nini?" ananiuliza. Namsomea.

Karatasi inaonyesha jibu la ARUSHA lilitolewa saa nne na dakika kumi na mbili, wakati bosi mwenyewe alikuwa amesimama na baba chini. Nikiitoa, huenda bosi akamwandikia baba barua. Au atauliza kwa nini alileta mtoto kwenye chumba cha mashine, amfukuze kabisa. Na baba atajua kwamba nilimwacha ajione kipofu siku tisa. Hilo naliogopa kuliko polisi. Dada zangu, kaka zangu, mngekuwa mimi mngeanzia wapi? Msinitukane, nielekezeni tu.

Admin, naona bado hujaposti, naomba uongeze na hili. Asubuhi hii baba alikuwa dirishani na miwani yake. Nilitoa karatasi, nikaikunjua mezani, nikaweka kidole kwenye mstari wa ARUSHA. Nikasema, "Shikamoo, baba. Vua hiyo miwani, macho yako hayana kitu. Soma hapa, na saa yake." Akaivua. Akasoma mpaka mwisho, akarudia tena. Kisha akavaa viatu, akaniambia nivae vyangu, tunakwenda kwa bosi. Nimeomba dakika mbili niwaandikie. Karatasi ameishika yeye.