Nambari Saba kutoka Irlandi

Watu wa Uvira wakimtaja Laurette husema "yule madame wa alama", nami kila mara huwakatiza. Ana jina lake, na kazi yake halisi ni kufundisha Kiingereza shule ya sekondari. Lakini nakubali kwamba jina la alama limemkaa. Kila Jumamosi saa kumi mchana, katika kituo chetu cha redio chenye vyumba viwili na betri nne zilizochoka, Laurette huketi mbele ya maikrofoni na kuzihukumu nyimbo mpya zilizoingia kwenye kumi bora za juma huko Irlandi. Ndiyo, Irlandi, kile kisiwa cha mvua huko Ulaya ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekikanyaga. Mimi ni Bruno, fundi wa mitambo. Nimemtazama kupitia kioo kwa miaka sita, na nitakayoyasema hapa niliyaona mwenyewe.

Kisa cha Irlandi ni kaka yake, Gédéon. Wakati wa vita aliondoka nyumbani na baba yake mdogo akiwa na miaka minane, akakulia kambini Tanzania, kisha akapelekwa huko kwenye baridi akiwa mtu mzima. Kila Ijumaa orodha ya juma ikitoka, anamtumia dada yake nyimbo kwa simu. Ndivyo walivyofahamiana, kwa nyimbo, maana utotoni hawakupata nafasi.

Mwanzoni nilikipinga kipindi hicho kwa sauti kubwa. Nilimwuliza mkurugenzi nani hapa mjini ana shida na vijana wa Kizungu wanaolilia mvua. Nilikosea, na mimi sipendi kukosea. Wasikilizaji hawakuzipenda nyimbo sana, walizipenda hukumu. Laurette anatafsiri maneno kwa Kiswahili, anaeleza ngoma imepigwaje, halafu anatoa alama kati ya ishirini kama za shuleni. Kuna kijana mmoja wa gitaa aliyetamba wiki tano mfululizo. Laurette alimwambia hewani, "Umetuambia mara kumi na nane kwamba umechoka. Tumesikia, baba, lala." Akampa nane. Kesho yake, wauza mafuta ya taa walikuwa wanasalimiana kwa maneno hayo.

Ana desturi moja ambayo haibadilishi. Hasikilizi wimbo kabla ya kipindi. Anausikia mara ya kwanza akiwa hewani, pamoja na sisi wote. Nilimwuliza kwa nini anajitesa hivyo. Alisema akiusikiliza nyumbani ataanza kutafuta maneno matamu, na maneno matamu ni ya wanasiasa. Kwa hiyo nyimbo zinanifikia mimi Jumamosi asubuhi bila yeye kuzifungua, nazipanga kwa nambari, nakagua sekunde tano za mwanzo nijue sauti ni sawa, basi. Kama yupo wa kulaumiwa kwa desturi hiyo, na mimi nimo.

Lazima niseme habari ya nyumbani kwao, la sivyo hamtaelewa. Miezi kumi na moja kabla ya Jumamosi ninayoizungumzia, Laurette alimpoteza mdogo wake, Emery, mwenye miaka kumi na sita. Asubuhi ya siku hiyo Emery alichukua baiskeli ya mteja wa baba yake, akaipinda gurudumu. Baba yao, mzee Sylvestre, ni fundi wa baiskeli kando ya barabara, na jina lake lote liko katika kurudisha vitu vya watu vikiwa vizima. Alimpiga kofi, akamwambia, "Toka mbele ya macho yangu." Saa mbili baadaye kijana alikuwa anavuka mto Mulongwe kwa kukanyaga mawe, akiwa hataki kuzunguka darajani. Mjini kulikuwa na jua. Mvua ilikuwa imenyesha milimani juu, na maji yalishuka bila kubisha hodi, yakamchukua.

Mzee Sylvestre aliamini kwamba yeye ndiye aliyemfukuza mwanawe mpaka mtoni. Hakuna aliyemwambia hivyo, alijiambia mwenyewe. Tangu siku hiyo akaacha kupokea komunyo. Jumapili watu wakisimama kwenda mbele, yeye anabaki kwenye benchi, kofia mapajani, na Laurette anapita karibu naye akienda na akirudi. Alikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Mimi nilidhani ni huzuni tu, nikasema muda utapita.

Kumbe mama yao, mama Josée, alijua jambo. Ni yeye aliyemtuma Emery. Kijana alipotoka kwa baba yake amenuna, mama alimkuta njiani, akamwambia avuke kwa fundi cherehani amletee kitambaa chake cha kuvaa kwenye harusi ya watu Jumamosi, tena akimbie, fundi asije akafunga. Hakuwa anatangatanga kwa sababu ya kofi. Alikuwa ametumwa. Mama alilifunga hilo kifuani, akalisema mara moja tu, siku ya kilio, kwa Kifuliiru, lugha ya nyumbani kwao, akiwa ameinama juu ya mwili, katikati ya kelele za wanawake, wakati baba yuko nje na wachimba kaburi.

Nani alisikia? Laurette alisikia, kwa sababu alikuwa amepiga magoti pembeni ameshika simu. Siku hizi vilio vyetu vina simu ndani yake. Kila familia ina mtu mbali, na mtu wa mbali anaomba angalau asikie. Gédéon aliomba. Laurette alirekodi dakika kumi na nne, akazituma bila kuzisikiliza, na yale aliyoyasikia kwa masikio yake akayanyamazia. Haya yote aliniambia baadaye, njiani, kwa maneno mafupi.

Sasa Jumamosi yenyewe. Ijumaa, Gédéon alikuwa ameandika: "Hii juma usikilize nambari saba muzuri. Iko kitu ya weye na mama." Laurette alinionyesha ujumbe huo akicheka.

"Gédéon anaanza kuwa mutoto," alisema. "Atakuwa alinunua wimbo wenye jina langu."

Tulianza na nambari kumi, kama kawaida. Nambari kumi ilipata kumi na moja. Nambari tisa ilipata sita, nami nikacheka peke yangu upande wangu wa kioo. Nambari nane ilipata kumi na nne, ambayo kwa Laurette ni karibu na kumwambia mtu njoo ule kwetu.

Nambari saba ilikuwa ya msichana mmoja mpya, sauti nyembamba, ngoma ya kuchezeka. Laurette alianza kutikisa kichwa taratibu. Dakika ya pili ngoma ikakatika. Nilidhani faili limeharibika, mkono wangu ukaenda kwenye kitufe. Ndipo ikaingia sauti ya mwanamke mtu mzima, bila chombo chochote, analia, na karibu naye mtu anakohoa. Mimi ni Mubembe, Kifuliiru nakisikia kwa mbali, lakini jina halihitaji tafsiri. Nilisikia "Emery". Nikasikia tena "Emery". Halafu ngoma ikarudi chini ya kilio, na kilio kikaendelea juu yake, kinarudiwa, kinarudiwa, watu wa huko wapate kucheza.

Nilimtazama Laurette. Sisi tuna ishara: akiinua mkono, nakata. Mkono wake uliinuka kutoka mezani kiasi cha kiganja kimoja. Ukabaki hapo. Kisha nikamwona, namaanisha nilimwona kwa macho haya, akiurudisha mkono mezani na kuulaza. Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Maneno yenyewe alinifasiria baadaye: "Mimi ndiye niliyekutuma, Emery. Nilikutuma kitambaa. Baba yako hakukufukuza, mimi ndiye niliyekutuma. Nani atakivaa hicho kitambaa?"

Ulipokwisha, redio yetu ilikaa kimya. Kwa fundi kimya cha hewani ni kosa, lakini sikugusa kitu. Laurette aliisogelea maikrofoni.

"Nambari saba sina alama," alisema, akavua vifaa vya masikioni, akatoka.

Niliweka nyimbo za kwaya, nikamwachia mlinzi chumba, jambo linalokatazwa, nikamfuata na mkoba wake aliousahau. Nilimkuta barabarani. Alikuwa anatembea upesi kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Simu yake ililia mkononi mwake, ikawa ujumbe wa sauti. Aliufungua bila kusimama, na Gédéon akasema kwa furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka nataka kuziba masikio:

"Dada! Mama amesikia? Amefurahi? Kuna musichana moja wa hapa kwetu, anaimba, nilimupa sauti ya mama, alilia kabisa! Sasa mama iko nambari saba Irlandi muzima! Umwambie ni zawadi yangu, juu sikuweza kuya kwa kilio."

Nilikasirika. Nilisema yule kaka yako ni mjinga, nitamwandikia mimi mwenyewe.

"Usimutukane, Bruno," Laurette alisema. "Alienda na miaka nane. Kifuliiru yake imebakia ya kusalimia na kuomba maji. Alisikia tu mama analia."

"Na weye? Juu ya nini hukuinua mukono? Ningekata."

Alivuka barabara kwanza, nami nyuma yake.

"Niliona baba kwa kichwa," alisema. "Niliona anakaa na ile redio yake kwa baiskeli za watu. Nikasema, wacha asikie. Minye nimeshindwa kumwambia, wacha wimbo imwambie."

Nilimwonea huruma, na hapohapo nilimwogopa kidogo.

Uani kwao majirani walikuwa wameshafika kwenye ua wa matete, wale wenye kujifanya wanaanika nguo. Mama Josée alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya mihogo. Hakuacha kumenya. Nilibaki karibu na mlango wa ua, mkoba mkononi, nikitamani kuondoka na nikishindwa.

"Weye ulinirekodi," mama alisema.

"Ilikuwa ya Gédéon, mama. Alikuwa analia kule peke yake."

"Nilikuwa nalilia mutoto wangu. Sikuwa naimba."

"Gédéon hakujua, mama. Hakusikia maneno. Kifuliiru ilimupotea."

Mama aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Na weye? Weye pia ilikupotea?"

Laurette alichuchumaa mbele yake, akaushika mguu wake. Mama hakuusogeza mguu, wala hakumgusa kichwa. Aliendelea na muhogo mmoja tu mpaka ukawa mwembamba kama kidole, na maganda yalikuwa yameisha zamani.

Mzee Sylvestre aliingia akiwa ameshika usukani wa baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Nadhani alisahau kuiacha kazini. Majirani walisogea nyuma hatua moja. Aliilaza baiskeli chini polepole, kwa sababu ilikuwa ya mtu, akavua kofia, akamwangalia mke wake.

"Josée. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulimutuma."

"Nilimutuma. Nilikuwa nataka kukuambia siku ya kuzika. Kisha nikasema kesho. Kisha ukaanza kukonda, nikashindwa kabisa, juu ningesema nini?"

Mzee alitikisa kichwa, si kwa hasira. Nilitegemea kelele, na nilikuwa nimejiweka tayari kumshika mkono kama ungeinuka. Alikaa tu kwenye jiwe la kufulia, magoti yakiwa juu, akavuta pumzi ndefu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa autue mzigo, naye hakumbuki mikono inafunguliwaje. Nilifikiri, basi, yamekwisha, Jumapili mzee huyu atasimama na wenzake. Nilianza hata kufurahi.

Kisha akamgeukia binti yake.

"Kwa ile sauti ya redio kuna muntu alikuwa anakohoa," alisema. "Nilisikia kikohozi yako. Ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo, baba."

"Kwa hiyo ulijuaka."

"Nilijuaka."

"Toka siku ya kilio."

"Toka ile siku."

Mzee aliipangusa kofia yake kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Kila Jumapili unapita pembeni yangu kwenda kupokea," alisema. "Kila Jumapili. Mpaka bazungu ba Irlandi banacheza na hii neno, minye nakaa kwa benchi."

Laurette, ambaye hajawahi kukosa neno kwa wimbo wa mtu yeyote, alikuwa anatafuta maneno chini kwenye mchanga.

"Nilikuwa naogopa, baba. Niliogopa utafukuza mama."

Mzee Sylvestre aliiweka kofia mapajani, kama kule kanisani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, na majirani wote waliisikia.

"Uliogopa nitafukuza mama yako. Na hukuogopa nitakufa na ile neno?"