Jezi Namba Saba Isiyofuliwa

"Dobi mzima, kazi yako kutoa jasho la watu, halafu unakuja kulifuga nyumbani!" Mama mdogo alikuwa mlangoni, mbele yangu, ufagio mkononi. "Binti yako anatoka hospitali kesho na kichanga. Kichanga kilale na makwapa ya wanaume sita?"

Baba mdogo hakugeuka. Alikuwa kakaa kitandani anazitazama jezi zake sita za mpira wa kikapu, zimetundikwa ukutani kwenye misumari.

Zamani yeye ndiye alikuwa anafulia timu ya kiwanda cha magunia. Kiwanda kikafa, timu ikafa nacho. Akaanza kuzunguka kutafuta jezi zilizochezewa kweli, siyo za dukani. Moja aliikuta inafutiwa baiskeli, nyingine imeziba dirisha. Kila jezi aliipata kwa kumfulia mwenyewe bure mwezi mzima. Na hazifui. "Nikiifua inabaki fulana tu," husema. Ukiuona mgongo wake ulivyopinda kwa pasi, unachoka wewe.

"Nimemwita Mlingoti aje achukue yake," mama mdogo akasema. "Tuanzie hapo."

Hapo baba mdogo akageuka. "Umemwita nani?"

Mlingoti ndiye aliyefunga kikapu cha mwisho kwenye fainali, zimebaki sekunde mbili. Namba saba. Hajawahi kusema ni yeye aliyefunga. Ukimuuliza, anakwambia ni jezi.

Aliingia na fimbo, kichwa akikiinamisha kisigonge mlango. Akaitungua jezi, akainusa.

"Bahati yangu hii! Shemeji, umefanya la maana. Keshokutwa napasuliwa goti, naingia nayo hospitali."

Baba mdogo akajikuna shingo. Angeweza kunyamaza. Kanyamaza miaka ishirini na mbili, siku moja zaidi ingemshinda?

"Siyo yako," akasema.

"Acha utani, dobi."

"Igeuze uone kwa ndani."

Kwa ndani, kuizunguka ile saba, kulikuwa na vitundu vya sindano vya namba nyingine. Vilisomeka kumi na nne.

"Yako niliiunguza na pasi asubuhi ya fainali," baba mdogo akasema. "Nikachukua ya yule wa benchi aliyekuwa anaumwa. Nikafumua, nikashona saba, nikakupa."

Mama mdogo aliuegemeza ufagio ukutani taratibu.

Mlingoti akakaa, mguu kaunyoosha. "Kwa hiyo siku ile nilivaa ya mtu wa benchi?"

"Ndiyo, kaka."

"Na mpira ukaingia."

"Uliingia."

Mlingoti akacheka kicheko kikavu, kama anakohoa. "Mshenzi wewe. Umri wote huu naishukuru fulana." Akairudisha kwenye msumari mwenyewe. "Kaa nayo. Goti ni langu, nitaenda nalo hivyo hivyo."

Alipotoka, tukasikia fimbo yake mpaka barabarani. Mama mdogo hakufoka tena. "Yaani mume wangu, hili ulikuwa unalala nalo peke yako?"

Baba mdogo akanyanyuka kwa awamu, mkono kiunoni. "Zitungue zote, uziloweke. Maji baridi lakini. Ile ya kijani ina damu, na damu ukiipiga maji moto haitoki."

Akajitwisha furushi la mashuka ya gesti begani. "Wanayataka kabla ya saa nane," akasema, akatoka.