Gogo Chini ya Mlango wa Moto

Juzi, katika gereji ya malori huko Lyamkena, Makambako, niliona gogo limeushikilia juu mlango wa chuma unaojishusha moto unapozuka, ili miali isiwafikie akina mama wanaoshona ghorofani.

“Mzee wangu, mbona mmeuzuia?” nilimwuliza mlinzi, aliyekuwa akiota moto wa jiko la mkaa.

“Baridi, mchungaji. Jiko likifuka moshi tu, unashuka. Msumbufu huo!”

Juu yetu mtoto mchanga alilia. Mlinzi alitazama dari, kisha gogo.

“Mke wangu yuko huko,” alinong'ona, wala hakunyanyuka.

Simhukumu, baridi yetu huuma mifupa. Lakini mlango wa safina Mungu aliufunga mwenyewe. Huu wetu, ndugu zangu, nani atauondolea gogo, ilhali sote tumenyoosha mikono tukiota moto?