Siku Ubao Ulipohamia Mashine Mpya

Mumewe alizoea kusema kwamba mke wake ana waume wawili: yeye, na lile dude la kona ya sebule. Dude lenyewe lilikuwa kompyuta kuukuu iliyounganishwa na waya wa simu. Watu waliipigia kwa kompyuta zao, mmoja mmoja, wakasoma matangazo, wakauza baiskeli, wakabishana kuhusu mpira, na wakaandikiana barua za faragha. Waliiita ubao. Mke huyo, mwenye ubao, aliyekuwa akipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, wakambatiza Mama Ubao, ingawa hakuwa amezaa bado.

Dude likaanza kuugua. Lilizimika watu wakiwa katikati ya maongezi, na vipuri vyake havikupatikana tena. Mama Ubao akanunua kompyuta mpya, lakini hiyo ilitumia mfumo endeshi mwingine kabisa, na programu ya ubao haikuelewana nao hata kidogo. Ikabidi aihamishe mwenyewe, mstari kwa mstari.

Kilichomtoa jasho ni namba. Mfumo wa zamani uliziweka katika nafasi finyu, mpya ukazipa nafasi pana. Ukisoma faili la zamani kwa kipimo kipya, kila kitu kinasogea: tarehe inaingia kwenye jina, jina linaingia kwenye kichwa cha barua. Alirekebisha tarehe, akarekebisha majina. Akaingia kama msimamizi, akafungua barua kadhaa, zote zikasomeka vizuri. Jumamosi mchana akachomeka waya wa simu kwenye mashine mpya.

Mpigaji wa kwanza alikuwa Msumari, seremala, mchumba wa wifi yake. Wawili hao walijuana hapohapo ubaoni, wakianza kwa kugombania bei ya kabati, na harusi yao ilikuwa mwezi uliofuata. Mama Ubao akavuta kiti akae atazame, maana kila alichokiona mpigaji kilionekana pia kwenye skrini ya nyumbani.

"Hongera shemeji, siku hizi ubao unakimbia!" Msumari akaandika.

Mama Ubao akatabasamu. Orodha ikaendelea kushuka, na vichwa vya barua vikaanza kupita ambavyo havikupaswa kupita. Daktari wa meno kwa mgonjwa wake. Mtu anayeomba kazi kwa siri. Ndugu wawili na shamba lao.

Mwanzoni alidhani anaziona kwa sababu yeye ni msimamizi. Halafu likamjia: hii ni skrini ya Msumari! Alama ya siri, ile inayoficha barua za faragha, hakuwa ameirekebisha. Programu ilikuwa ikiitafuta mahali pasipo pake, ikikuta patupu, ikihesabu kila barua kuwa ya watu wote. Na yeye alikuwa amejaribu kwa jina la msimamizi, ambaye hafungiwi chochote.

Msumari akasimama kwenye kichwa kimoja: *Wifi, usimwambie kaka.* Ilikuwa barua ya mchumba wake kwa Mama Ubao. Akaifungua. Maneno yakaanza kutambaa kwenye skrini.

*Harusi hii inanitisha. Yeye simchukii, lakini kila nikijaribu gauni napata…*

Mama Ubao akaruka, akang'oa waya pamoja na kipande cha plasta ya ukuta.

Ilimpasa kumpigia wifi yake upesi, kabla Msumari hajafanya hivyo, lakini bila waya asingeweza kupiga. Alipourudisha tu, simu ikalia mkononi mwake.

"Shemeji, laini imekatika," Msumari alisema.

"Nimeikata mimi."

Upande wa Msumari alisikika mtu akipiga randa, kisha randa ikanyamaza.

"Kwa sababu ya ile barua?"

Angeweza kusingizia mashine. "Ndiyo. Nimekosea kwenye programu. Wewe huna kosa."

"Sikufika mwisho. Anasema nini mwishoni?"

"Hilo atakwambia mwenyewe. Ila niache nikamwambie kwanza kwamba umeiona. Nakuomba, shemeji."

Msumari alivuta pumzi. "Nenda. Nikifunga karakana nampigia."

Wifi yake aliuza katika duka la dawa, na Mama Ubao akamfuata huko. Alisikiliza yote akiwa amesimama, mikono juu ya kaunta.

"Nilikuandikia kwa sababu nyumbani kuna masikio mengi," alisema taratibu. "Kumbe ningebandika ukutani tu, nikaokoa gharama za simu."

"Nisamehe, wifi."

"Toka, kuna wateja."

Jioni ile wachumba walikaa karakanani, na walichoambiana hakikujulikana. Kilichojulikana ni kwamba harusi imeahirishwa. Mumewe alipopata habari, alimkazia macho mkewe. "Ulijua, na hukuniambia?" Siku kadhaa waliongea ya lazima tu: chumvi, funguo, nani anafunga mlango.

Mama Ubao akairekebisha alama ya siri. Safari hii alijaribu kwa majina ya watu baki, tena na tena, mpaka macho yakamwasha. Alipoufungua ubao, tangazo la kwanza lilikuwa lake: barua za faragha zilikaa wazi, na kosa ni lake. Wengine walishukuru. Wengine walihama, daktari wa meno akiwa wa mbele.

Kisha alasiri moja wifi yake akaingia, bila hodi wala salamu, akaketi mbele ya mashine mpya. Akaandika barua, akaiwekea alama ya siri, akainuka.

"Ingia kama mtu baki. Itafute."

Mama Ubao akatafuta. Haikuwapo.

"Tafuta tena."

Akapekua orodha yote, juu mpaka chini. "Haipo, wifi."

"Sasa ingia kwa jina lako."

Barua ilikuwa fupi. *Hasira yangu haijaisha. Ila Jumatano naenda kuongea na Msumari tena, na sitaki kwenda peke yangu.*

Mama Ubao akageuka amjibu. Wifi yake akamwonyesha kibodi kwa kidevu.

"Andika," alisema.