Barafu ya Divai Mezani pa Krismasi

Kwa miaka kumi na tisa mama alibeba sinia za barafu ya divai katika hoteli moja karibu na Ziwa Elmenteita, na hakuwahi kuonja hata kijiko kimoja. Ilikuwa ya wageni wa Krismasi, na kanisa letu halina mchezo na pombe. Alirudi nyumbani Kiamunyi akatusimulia jinsi ilivyometameta ndani ya glasi, huku akitupakulia sukuma wiki.

Mwaka jana saratani ilimziba koo. Kufikia Desemba ugali ulikuwa haupiti, uji ulipita kwa shida, na vitu vya baridi ndivyo vilivyompa nafuu kidogo. Siku moja akaniambia bila aibu yoyote, "Mami, mwanangu, nitengenezee ile barafu ya waini hii Krismasi. Mungu ataelewa. Nataka tu kujua nilikuwa nabeba nini."

Nilinunua chupa ya divai yenye mapovu, nikaificha kwenye mfuko wa unga kama mwizi. Asubuhi ya mkesha nilichemsha maji na sukari, nikayaacha yapoe, nikakamulia ndimu, kisha nikamimina divai polepole isije ikafura. Niliiweka kwenye friza ndani ya trei pana. Kila nusu saa sauti ya mama ilinifikia kutoka kitandani: "Kwaruza na uma. Usiache ikuwe jiwe." Alikuwa ameona wapishi wakifanya hivyo miaka yote. Kufikia jioni trei ilijaa chenga nyeupe, kama mvua ya mawe ikishaanguka uani. Sikuionja. Nilitaka yeye awe wa kwanza.

Kwetu, chakula kisichokuwa mezani wakati wa maombi hakijabarikiwa, na mgonjwa hapewi chakula kisichobarikiwa. Kwa hiyo jioni hiyo tulimketisha mama mezani, nikajaza glasi yake, nikaiweka kando ya kuku na chapati. Mjomba, kaka yake mkubwa na mzee wa kanisa, alikuwa amewasili asubuhi hiyo kutoka magharibi. Akasimama kuomba.

Alishukuru kwa safari, kwa mvua, kwa mahindi. Akawaombea viongozi. Akaikemea saratani kwa lugha tatu. Nilifungua jicho moja nikaona chenga zinazama. Pombe haishiki barafu kwa muda mrefu, na mimi sikujua. Mama naye alikuwa amefungua macho. Alikuwa akiitazama glasi.

Friza ilikuwa hatua nne kutoka kiti changu. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, nimegombana na madalali wa ploti hadi wakanikimbia, lakini siku hiyo niliogopa kelele ya kiti changu kwenye simiti. Nilimchukia mjomba, na nilijichukia zaidi. Alipomaliza, niliitikia amina pamoja na wengine.

Glasi ilikuwa na maji ya manjano. Mama alichukua kijiko kimoja, yakampalia kabla hajasikia ladha yoyote, akakohoa mpaka tukambeba kumrudisha kitandani. Mjomba alidhani ni juisi. "Pole, dada," akasema, "kunywa pole pole."

Sikukata tamaa bado. Niliyarudisha kwenye friza, nikakwaruza tena, na kesho yake nikampelekea chenga nzuri kuliko za kwanza. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo koo lilikuwa limefunga kabisa. Hata mate yake mwenyewe tulikuwa tunayapangusa kwa kitambaa. Alikuwa amebakiwa na wiki tatu za kuishi, na nadhani alijua.

"Onja tu, Mama," nilimsihi. "Hata kwa ncha ya ulimi."

Alifunga midomo, akageuza uso. Nilibaki nimeshika kijiko hadi barafu ikaanza kunidondokea mkononi. Kisha akaniashiria niiname, kwa sababu sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Pelekea mjomba wako," akaninong'oneza. "Yeye ndiye ako na koo."