Upande wa Pili wa Bawa

Kando ya zahanati ninayofanya kazi, hapa Oud Metha, Dubai, kuna saluni ya wanawake. Mlango wake ukifunguliwa, harufu ya rangi ya kucha hutoka mpaka kwenye ngazi zetu. Wenzangu huziba pua. Mimi husimama kidogo, kwani hiyo ndiyo harufu ya majira ya baridi ya utotoni mwangu, harufu ya dawa iliyopakwa juu ya mabawa ya ndege ili kitambaa kikaze kama ngozi ya ngoma.

Usishangae, rafiki yangu. Ndege za zamani zilivaa nguo. Bawa lilikuwa mbavu za mbao zilizofunikwa kitambaa cha pamba, na kitambaa kilishonwa kwa mkono. Katika jumba la makumbusho ya ndege kule pembezoni mwa mji, aliyekishona alikuwa bibi yangu.

Bibi aliolewa akaletwa Dubai kutoka Unguja, na miaka yote akawashonea majirani kanzu na kofia. Siku moja fundi mkuu wa makumbusho, Mhindi mwenye sauti ya chini, alileta koti lake la kazi litiwe kiraka. Aliporudi kulichukua, alikipindua kile kiraka ndani nje, akakitazama sana, kisha akamwuliza kama anaweza kushona kitu kirefu kuliko chumba kile. Bibi akamjibu kwa Kiarabu chake cha sokoni, "Kama kina mwanzo na mwisho, nitashona."

Kazi ilikuwa ya baridi tu. Wakati wa joto banda la bati walimotengenezea ndege lilikuwa tanuri, hata bisibisi haishikiki. Ukungu wa asubuhi ukianza kushuka, simu ililia, na gari likaja kumchukua. Shule zikifungwa nilikwenda naye. Alibeba mkate wa kumimina, fundi mkuu alichemsha chai ya maziwa yenye iliki nyingi, na tulikula tumekalia matairi, vidole vyetu vinanuka nta ya uzi.

Bawa lilisimamishwa wima kama ukuta. Bibi alikaa upande mmoja, mimi upande wa pili, hatuonani. Alichoma sindano ndefu ikapita kando ya ubavu, nami nikaivuta, kisha nikaichomeka ng'ambo ya ubavu uleule imrudie afunge fundo. Siku ya kwanza nilimdunga kidole. Hakunigombeza. Alisema, "Sindano ni mgeni, mwanangu. Ibishe hodi kwanza."

Basi kabla ya kuirudisha niligonga ubavu mara mbili. Naye aligonga mara moja: karibu. Tulishinda hivyo. Nyumbani Bibi hakuwa msemaji, lakini nyuma ya bawa ulimi wake ulifunguka, labda kwa kuwa hakuona uso wa mtu. Hapo ndipo alipoimba. Hapo ndipo aliponiambia kwamba alilia mwaka mzima alipofika mji huu, na kwamba babu, Mungu amrehemu, alikoroma kama injini isiyo na mafuta.

Baridi ya mwisho, ile "karibu" yake ilianza kuchelewa. Niligonga, nikangoja. Siku moja nilizunguka kumwita chai, nikaona vitone vya damu kwenye kitambaa chake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili.

"Usimwambie mtu," alisema. "Bawa hili nataka nilimalize. Nikilimaliza, nimeaga. Wakinitoa katikati, nimefukuzwa."

Tukageuza kazi. Nilianza mimi kuchoma, kwenye alama za penseli za upande wangu, naye akapokea kwa kupapasa na kufunga fundo. Vidole vyake havikuhitaji macho. Asubuhi moja nilihisi mtu nyuma yangu. Fundi mkuu alikuwa amesimama, ananitazama nikifanya kazi isiyo yangu. Akachomoa penseli sikioni, akainama, akazikoleza alama zangu moja baada ya moja mpaka chini. Akaenda zake.

Tulilimaliza. Fundi mkuu aliupitisha mkono juu ya mafundo kutoka juu hadi chini, akasema, "Khalas, Mama, imekwisha. Kazi safi." Bibi alitoka bandani kichwa juu, ameshika bega langu kama anayenisindikiza.

Lakini hakuwa ameaga kweli. Baridi iliyofuata alipaka nyuzi nta, akakaa karibu na simu kila asubuhi. Haikulia. "Pengine ukungu haujaanza," alisema. Nilitazama dirisha, lilikuwa jeupe tupu. Nikamjibu, "Pengine."

Alifariki kabla ya joto kurudi. Nguo zake tulizitoa sadaka, kama ada yetu, na cherehani, na hata subana yake ya kukinga kidole. Sikusikitika. Nilijiambia, lile bawa lipo.

Miaka mingi nikawa najiambia hivyo, na harufu ya saluni ikinikumbusha, mpaka Jumamosi iliyopita nikaenda makumbusho kulitazama. Banda la bati halipo. Ni ukumbi wenye kiyoyozi. Ndege ni ileile, na kwa kuwa ni baridi, bawa moja wamelitoa kwa matengenezo, limesimama wima nyuma ya kamba. Nilinusa. Hakuna harufu.

"Dada, rudi nyuma kidogo," alisema mlinzi, msichana wa Kenya. Nilipomjibu alicheka. "Hicho Kiswahili! Unaongea kama redio."

Nikamwuliza kuhusu kitambaa.

"Ile ya kitambo? Waliitoa yote. Hii sasa inabandikwa na gundi, inapigwa pasi, imeisha. Hivi vinundu ni vya kubandika tu, wageni wadhani imeshonwa."

"Na kile cha zamani?"

"Kilikuwa kimeoza, dada. Kilienda na takataka. Ungekuja wiki mbili hivi zilizopita ungekipata."

"Bibi yangu ndiye aliyekishona," nilisema. Alinitazama, akatazama mlangoni, akaishusha kamba. "Fanya haraka. Arbab, bosi wetu, yuko chai." Akazunguka nyuma ya bawa kunilindia.

Nilisimama upande wangu. Niliutafuta ubavu kwa kiganja, nikaupata, kwani mbao ni zilezile. Nikagonga mara mbili, nikangoja.

"Dada," sauti ikatoka upande wa pili, polepole, "huku niko mimi tu."