Wameiba kicheko cha Bibi

Nina hasira!

Mnakumbuka wale watu wa televisheni waliokuja kwetu Nshambya kurekodi kipindi cha enzi za Mwingereza? Leo kimerushwa.

Bibi wa mume wangu aliwasimulia jinsi baba yake alivyochapwa viboko kwa kukataa migomba yake ing'olewe. Alilia.

Baadaye, kamera zikiwa bado zinarekodi, nikapiga magoti kumpa kahawa ya kutafuna, kama mke mpya anavyopaswa. Mume wangu (jamani, nampenda huyu mwanaume!) naye akapiga magoti kando yangu. Bibi akacheka mpaka kilemba kikaanguka.

Leo viboko havimo. Machozi hayamo. Kimebaki kicheko tu, na juu yake sauti nzito ya msimulizi: “Wazee wanazikumbuka enzi hizo kwa furaha.”

Pale sebuleni Bibi akanigeukia.

“Mugole,” akaniita, yaani bibi harusi, “hapo si nilikuwa nawacheka ninyi?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Basi mume wako awapigie simu. Warudi. Na siku hiyo ninyi wawili mkae jikoni.”

Ameshafunga kilemba, amekaa barazani anawasubiri.

Mume wangu anapiga. Hawapokei.

Nani atamwambia aingie ndani? Mimi siwezi.